Midomo ya Masizi

Kazi yangu hapa Kiamunyi ni kuremba maharusi. Huyu wa leo amekuja na picha ya staa wa sinema ya zamani kwa simu, anataka uso kama ule. Nimewasha kiberiti nilainishe ncha ya wanja, na harufu ya njiti iliyoungua imenirudisha jikoni kwetu Kuresoi.

Televisheni yetu haikuwa ya rangi, na ilitumia betri ya gari. Jumapili moja tulitazama sinema mpaka betri ikaisha. Shangazi akainuka, akamwambia mama, "Kaa hapa. Ule uso nimeushika."

Nyusi alizichora kwa njiti ya kiberiti. Halafu akachanganya masizi ya sufuria na mafuta ya kukamulia ng'ombe, akampaka mama midomo. Kwa televisheni midomo ya yule mwanamke ilikuwa myeusi, kwa hivyo hata hatukuwaza rangi nyingine.

Mama alipogeuka, nilisahau kumeza uji. Mikono ilikuwa ileile ya kuchimba viazi, lakini uso sikuthubutu kuugusa. Baba alitokea zizini, viatu vya gambuti vimejaa matope, akasimama mlangoni na kuvua kofia.

"Hodi," akasema, nyumbani kwake.

"Karibu," mama akamjibu polepole, asiharibu midomo.

"Si hiyo, anti," bibi harusi ananiambia sasa. "Angalia picha. Midomo yake ni nyekundu."

Naangalia mkono wangu. Umeshachukua lipstiki nyeusi.