Moto Tuliouona Kutoka Mnarani

Ukipita Makambako mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, acha dirisha la basi wazi kidogo. Utasikia harufu ya nyasi zilizoungua. Abiria wengine watakohoa na kulalamika. Mimi harufu hiyo hunikaba kwa namna nyingine, na mwaka jana ilinishinda kabisa. Nilikuwa nakwenda Njombe kwenye msiba, lakini tulipofika njia panda ya misheni nilimwomba kondakta anishushe, nikapanda kilima taratibu kwa fimbo yangu mpaka kanisani.

Mnara bado umesimama. Mlango wake wa chini umezibwa kwa matofali ya saruji, na kengele imeteremshwa, inaning'inia kwenye vyuma uani. Kijana anayetunza uwanja alinipa shikamoo yangu, kisha akaniambia kwamba siku hizi hapapandwi, ngazi zimeliwa na mchwa.

"Mimi nilikwisha kupanda," nikamwambia.

"Lini, Bibi?"

Habari yenyewe ilikuwa ndefu mno kwa kijana mwenye kazi. Kwa hiyo nakusimulia wewe.

Sisi tulikaa ng'ambo ya bonde, mkabala na kanisa, kwenye kijiji cha nyumba chache za udongo na nyasi zilizojipanga chini ya mgongo wa kilima. Ilikuwa enzi za Mwingereza, picha ya Mfalme ikiwa ukutani shuleni, lakini mnara ulijengwa zamani za Mjerumani, na Bibi aliyenilea aliujua kabla haujawa mnara. Alipokuwa msichana alibeba matofali yake kichwani kutoka tanuri la mtoni mpaka juu, yeye na wenzake, kiangazi baada ya kiangazi. Alikuwa na kipara kidogo utosini, na alisema kwamba nywele za pale ziko ndani ya ukuta wa kanisa. Alisema hivyo akicheka. Lakini juu ya mnara hakuwahi kufika. Kupanda ilikuwa kazi ya mafundi, na kazi ilipokwisha mlango ukatiwa kufuli.

Mama yangu alifariki alipomzaa mdogo wangu wa kike. Baba alikuwa kwenye mkonge, huko Tanga. Lori la kuwachukua wanaume lilikuwa likisimama Makambako, na vijiji vyote vya kwetu vilikuwa hivyo, vya wanawake, watoto na wazee. Wanaume walikwenda kutafuta kodi ya kichwa, wakakaa huko. Nilipomlilia baba, Bibi alinionyesha ukungu wa asubuhi uliolala upande wa Makambako. "Yuko nyuma ya blanketi lile," aliniambia. "Likikunjwa utamwona."

Usidhani tuliishi kwa huzuni. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kuuma masikio, tukienda mtoni miguu imekufa ganzi, tukirudi tunakuta viazi vimefukiwa kwenye majivu ya moto. Kiangazi chote tulilima vinyungu, yale matuta ya bondeni ambako udongo haukauki, tukapata mahindi mabichi na maharage wakati kilimani kila kitu kimekauka. Jioni Bibi alisaga ulezi kwenye jiwe, na mlio ule wa kwaru, kwaru ndio ulionibembeleza utoto wangu wote.

Nyumba ya pili alikaa jirani yetu, mama asiye na mtoto, ambaye mume wake aliondoka kwa lori lile lile la baba. Alikuwa na kicheko kikubwa kilichosikika mpaka mtoni. Mdogo wangu alipojifunza kutembea, safari yake ya kwanza ilikuwa kwenda kwake.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa hapo hapo, aliyesoma mbali akarudi, mwenye kaptula iliyopigwa pasi hata siku za matope. Aliamini kwamba jiografia haisomwi ndani. Alimsumbua mchungaji miezi mingi mpaka akapewa ufunguo wa mnara, ili sisi wanafunzi wake tuione nchi yetu kwa macho.

Siku hiyo ilipofika, mdogo wangu aliamka na surua, mwili umejaa vipele, macho mekundu. Nilitaka kubaki naye. Bibi akakataa.

"Nenda," alisema. "Ukapaone huko juu, kisha uje unisimulie. Nimepabeba, sijapaona."

Ngazi zilikuwa za mbao, zikizunguka kuta ndani ya giza lenye harufu ya njiwa. "Shikeni ukuta," Mwalimu alituambia, "na mtu asitazame chini." Tulipanda tukiwa kimya, kila mmoja akisikia pumzi za aliye mbele yake. Kisha mwanga ukatupiga usoni, na upepo, na tukajikuta tumesimama kando ya kengele, dunia yote ikiwa chini yetu.

Sijawahi kuona tena kitu cha namna ile, ingawa nimepanda maghorofa ya Dar es Salaam. Upande mmoja yalikuwapo mabati ya Njombe, yaking'aa kuzunguka boma, na moshi wa mji ukipanda wima. Nyuma yake milima ya Makete, ya bluu, mgongo juu ya mgongo. Upande wa pili barabara nyekundu ilikwenda Makambako ikipotea na kutokea tena kati ya vilima.

"Ile ndiyo inayofika Iringa," Mwalimu alisema, "na Iringa inafika pwani. Wazazi wenu wamepita pale." Sote tukaitazama. Ilikuwa tupu.

Halafu msichana mwenzangu akasema, "Mwalimu, kule kunaungua."

Nyuma ya kilima chetu, upande ambao kijiji hakiuoni, palikuwa na mstari wa moto mwembamba kama uzi. Mwanzoni hatukushtuka. Mwezi wa kumi moto ni kitu cha kila siku. Lakini upepo uliokuwa ukitupepea pale juu ulikuwa umegeuka, na tulipoendelea kutazama ule uzi ukanenepa, ukaanza kupanda kilima kwa mgongoni, kuelekea kijijini kwetu. Kijijini hakuna aliyeuona. Tuliwaona watu wamo kwenye vinyungu, wameinama.

Mwalimu alishika kamba ya kengele akaivuta kwa nguvu zake zote. Sisi tukaziba masikio. Mbao za chini yetu zilitetemeka.

Na sasa nikuambie jambo ambalo hata leo huniamsha usingizini. Watu walisikia. Waliinuka kwenye matuta, wengine wakatoka nyumbani, wote wakasimama wakatutazama. Walidhani ni msiba, au mchungaji anaita. Walisimama wametugeuzia nyuso, na moto uko nyuma ya migongo yao. Tulipiga kelele, "Nyuma! Tazameni nyuma!" Tulikuwa watoto, na bonde lilikuwa pana, na kengele ilikuwa ikilia juu ya sauti zetu. Mama mmoja alitupungia mkono.

Kisha moshi ukachomoza juu ya kilima, nao wakageuka.

Wote walikimbilia chini, mtoni, kama inavyopaswa. Niliwaona wakimiminika na watoto migongoni. Mtu mmoja tu alikimbia kupanda. Alikuwa amefunga kaniki, na mtungi ulikuwa bado kichwani kwake. Nilimjua kwa mwendo. Mdogo wangu alikuwa amelala ndani peke yake, Bibi ameteremka mara moja kuchota maji.

"Bibi yangu," nikasema. Nadhani nilisema kwa sauti ndogo, kwa sababu hakuna aliyegeuka ila Mwalimu.

Kutoka juu hakuna kinachosikika, na hilo ndilo baya lake. Moto ulivuka kilima bila mlio. Paa la kwanza likawaka kimya, likafuata la jirani yetu, kisha letu. Nilimwona Bibi akifika mlangoni. Nilimwona akiinama kuingia, maana mlango wetu ulikuwa mfupi. Halafu moshi ukafunika kila kitu, na Mwalimu akaniziba macho kwa kiganja chake, akasema, "Shuka. Shuka sasa hivi, mwanangu."

Tulipofika moto ulikuwa umekwisha pita. Kijiji kizima kilikuwa kuta nyeusi zisizo na mapaa. Jirani yetu alikuwa ametutangulia. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya nyumba yetu, kwenye shimo tulilohifadhia mbegu za viazi, akifukua kwa mikono mitupu. Nje ya shimo palikuwa na vipande vya mtungi. Bibi alikuwa amelowesha blanketi, akamviringisha mtoto, akaingia naye shimoni akamlalia. Mtoto alitolewa akilia, vipele vyake vya surua vimejaa udongo, hana jeraha hata moja. Mgongo wa Bibi siwezi kukueleza.

Wazee walimbeba kwa machela ya mianzi, wakamvusha bonde mpaka zahanati ya misheni. Mganga alimpaka dawa, kisha akatoka nje akasimama peke yake, tukaelewa.

Siku ya pili alikuja jumbe, akiwa na askari wa boma. Jirani yetu alikuwa ameketi kwenye ngazi za zahanati, mikono yake imefungwa vitambaa. Hakungoja kuulizwa.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nachoma magugu ya shamba langu jipya la ulezi, nyuma ya kilima. Asubuhi hapakuwa na upepo. Niliupiga moto kwa matawi mpaka yakaisha. Ni mimi."

Jumbe alitaka kumpeleka Njombe siku ile ile. Watu wengine nao walitaka, kwa kuwa walikuwa wamebaki na nguo za mwilini tu. Nami nilitaka. Nilikuwa mtoto, lakini nilitaka achukuliwe afungwe mahali ambapo kile kicheko chake hakitasikika. Ndipo Bibi akaita kutoka ndani, na jumbe akaingia akiwa amevua kofia.

"Wajukuu wangu hawana mtu," Bibi alisema. Alikuwa amelala kifudifudi, akizungumza mdomo ukiwa kwenye mto wa kulalia. "Baba yao yuko mbali. Ukimchukua huyu, utawalea wewe?"

"Mama, nyumba zimeungua. Boma wataniuliza."

"Waambie upepo uligeuka. Si kweli?"

Jumbe alivaa kofia yake. Alitoka akazungumza na askari kando ya ukuta, na wakaondoka wawili tu, kama walivyokuja.

Jioni nilibaki na Bibi peke yangu. Akaniuliza, "Je, ulipanda?"

"Nilipanda, Bibi."

"Nisimulie."

Nikamsimulia mabati ya Njombe, na milima ya Makete, na jinsi mto wetu unavyoonekana kama uzi uliodondoka. Alikuwa akisikiliza amefumba macho, mara nyingine akisema, "Enhe." Nilipofika kwenye barabara akauliza, "Kuna mtu aliyekuwa akija?"

"Hapana. Ilikuwa tupu."

"Haya," alisema. "Watakuja na mvua."

Hakulimaliza juma lile. Walimpigia kengele, na mimi nilikaa chini ya kitanda cha zahanati nimeziba masikio mpaka iliponyamaza.

Mvua zilitukuta katika kibanda cha mianzi ambacho jirani yetu alikijenga bondeni kwa mikono iliyokuwa bado haijapona. Alitupikia ugali wa ulezi wa kuombaomba, akatupa sisi kwanza, akala makoko. Mdogo wangu alilala kifuani kwake. Mimi nililala kwenye kona, nimegeukia ukuta. Masika yote sikumwita kwa jina lolote. Kile kicheko nilichotaka kifungwe sikukisikia tena, wala hakuna aliyekisikia, mpaka alipozeeka.

Baba alikuja mahindi yalipokuwa yanabeba. Alikuwa amekonda, anakohoa. Wa njiani walikuwa wamekwisha kumwambia kila kitu. Jirani yetu alipomwona alipiga magoti kwenye tope, akainamisha kichwa, akangoja. Nilisimama pembeni, kwa maana sikujua nilitaka baba afanye nini.

Baba alimtazama, akamtazama mdogo wangu aliyekuwa ameshika kanga ya yule mama asiachie.

"Kamwene," alimsalimu kwa Kibena, kama mtu anavyomsalimu jirani siku yoyote. Kisha akasema, "Mama, inuka. Mume wako hakuja nami. Tulimzika huko huko."

Wote wawili wakalia, pale pale kwenye tope, na mdogo wangu akaanza kulia kwa sababu wao wanalia. Siku hiyo ndipo nilipomwita jirani yetu Mama kwa mara ya kwanza. Sikuwa nimemsamehe. Nilimwonea huruma tu, na sikuwa na jina jingine la kumwita.

Baba hakuishi sana baada ya hapo, kifua kilimmaliza. Mama huyo ndiye aliyetulea, akatusomesha, akatuoza. Alipofariki, sasa ni miaka mingi, mdogo wangu alilia kama mtoto aliyefiwa na mzazi, na alikuwa na haki. Yeye Bibi hamkumbuki. Wakati mwingine huniuliza, "Dada, alikuwaje?" Nami humwambia alivyosaga ulezi, alivyochekea kipara chake. Hutikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za ukoo mwingine.

Kijiji chetu hakikujengwa tena. Miaka michache baadaye kilima kile kilipandwa miti ya miwati, mistari mirefu iliyonyooka, na leo hata mahali pa lile shimo huwezi kupaonyesha kwa kidole. Mwalimu alikwisha tangulia. Wenzangu tuliopanda nao wametangulia wote. Ule msiba wa Njombe niliokuwa nauendea ulikuwa wa yule msichana aliyesema kunaungua. Tulikuwa tukionana mara moja kwa mwaka, na hatukuwahi kulizungumza, lakini nilijua kwamba yupo mtu mwingine aliyeona kaniki ile ikipanda kilima watu wote wakiteremka. Sasa nimebaki mimi.