Nilimkana Binti Yangu kwa Jibu Nililompa Mwenyewe

Nimekosa, na sitaki mtu anipoze. Mimi ni bibi mwenye wajukuu sasa, na kila nikimkumbuka yule mwanamke niliyekuwa, natamani kumtemea mate. Jina langu halina kazi hapa. Mkitaka kunidharau nidharauni, ila mtakuwa mmechelewa, mimi nilishaanza zamani.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa. Tulihamishiwa kijiji kimoja upande wa Mpui: mimi, mume wangu, mama mkwe na binti yetu ambaye nitamwita Sabina, ingawa silo jina lake. Nilikuwa nimezaliwa Kasense, karibu na mji wa Sumbawanga, nikamaliza shule ya msingi, basi pale kijijini nikajiona mimi ndiye mimi. Nikapewa kufundisha kisomo cha watu wazima. Wazee wenye mvi wakaniita mwalimu. Niliwafundisha kuandika majina yao na kuchemsha maji ya kunywa, kisha nikirudi nyumbani nawaigiza wanavyoshika kalamu na kucheka peke yangu. Mwalimu, eti.

Sabina alikuwa na miaka kama mitano. Alikuwa haishiwi maswali, na lolote nililomwambia alilibeba kama lilivyo, kwa sababu mama yake ndiye anayefundisha hata babu za watu.

Nikashika mimba. Tumbo limeshakuwa kubwa, mvua zinaelekea ukingoni, tuko shambani tunaandaa ntumba, yale matuta yetu ya mviringo. Asiyeyajua ni hivi: unalima majani mabichi, unayalundika, unayafunika kwa udongo, unapanda maharage juu. Majani yanaozea humo ndani, na msimu unaofuata unabomoa tuta na kupanda ulezi. Nilikuwa na jirani yangu, mama Oresta. Sabina akasimama mbele yangu.

"Mama, bibi anasema tutapata mtoto. Watoto wanatoka wapi?"

Mama Oresta akaanza kuchekea kwenye kanga. Nami, mwalimu mzima, niliyesimama mbele ya wazee nikawaeleza habari za choo na minyoo bila kupepesa macho, nikaona haya mbele ya mtoto wa miaka mitano. Nikaelekeza jembe kwenye tuta.

"Humo. Tunawafukia humo, wakiiva tunawachimbua."

"Wanapumuaje?"

"Kichwa kinabaki nje."

"Na hilo tumbo lako?"

"Hili la ugali."

Mama Oresta akacheka mpaka akakaa chini. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikafurahi kwamba nimechekesha. Sabina hakucheka. Alilizunguka lile tuta, akalitazama vizuri, akaondoka.

Mtoto alikuja kabla ya wakati wake. Wa kiume, mdogo hata ukimwangalia unamwonea huruma, kunyonya kwenyewe kwa shida. Mama mkwe ndiye aliyempokea. Kila asubuhi alimfunua, akamtazama na kutikisa kichwa.

"Huyu angekaa ndani mwezi mmoja zaidi angekuwa mtu," alisema, mbele ya yeyote aliyekuwepo. Na Sabina alikuwepo.

Siku moja nikasikia wageni kutoka wilayani wamekuja kukagua kisomo. Sikuwa nimetakiwa kwenda, bado nilikuwa mzazi wa juzi. Lakini ningekosaje kuonekana? Mume wangu na mama yake walikuwa kwenye shamba la kijiji. Nikamlaza kichanga, nikamwambia Sabina amwangalie, nikajifunga kanga mpya nikaenda kusimama mbele ya wageni. Walinisifu. Nawaambia ili mjue nilikokuwa.

Niliporudi kitanda kilikuwa kitupu. Sabina nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kando ya tuta mojawapo tulilolima hapo, mikono yote udongo.

"Mtoto yuko wapi?"

"Nimemrudisha," akasema. "Bibi alisema angekaa ndani. Nimemwacha kichwa, apumue."

Kichwa kilikuwa nje kweli. Alikuwa amemfunga kwenye kanga, akamfukia hadi shingoni, na usoni akamwekea jani la boga kumkinga na manyunyu. Nilichimba kwa kucha. Mtoto alikuwa wa baridi, midomo imebadilika rangi, halii. Mama mkwe, aliyekuwa njiani kutoka shambani, alifika mbio kwa mayowe yangu, akaninyang'anya, akamweka kifuani pake ngozi kwa ngozi, akakaa naye karibu na moto mpaka tukasikia analia. Alipona. Leo ni mwanamume mnene anayelalamika chakula hakina chumvi.

Laiti kosa langu lingeishia hapo, nisingeandika. Mzazi gani hajamdanganya mtoto?

Watu walijaa uani. Balozi wetu wa nyumba kumi akaja, wanawake wakaja, mama Oresta akaja. Wakaanza kunong'onezana kwamba mtoto gani anamfukia ndugu yake akiwa hai, kwamba huyu mikono yake si ya bure. Neno uchawi likatajwa, kwanza chinichini, halafu kwa sauti. Tena na wanafunzi wangu wa kisomo, wale niliowafundisha kuandika majina yao.

Mume wangu akamsimamisha Sabina katikati.

"Nani amekufundisha jambo hili?"

Sabina akanitazama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, maana alijua nitamsaidia.

"Mama," akasema.

Watu wote wakanigeukia. Nilitakiwa kusema neno moja tu. Wangenicheka, wangenisema kwa wiki mbili, pengine wangenivua huo ualimu wangu wa kujidai. Ndiyo hasara yote iliyokuwa mbele yangu.

"Huyu mtoto ni mwongo," nikasema.

Mama Oresta alinitazama akisubiri niendelee. Alipoona nimenyamaza, akainamisha macho, naye akanyamaza. Sikumsamehe kwa muda mrefu, kana kwamba yeye ndiye aliyezaa.

Sabina alichapwa na baba yake. Hakulia sana. Alikuwa akinitazama tu, na mimi nikajifanya ninashughulika na kichanga. Kuanzia siku hiyo watoto wa jirani walikatazwa kucheza naye, na mama mkwe hakumruhusu tena kumgusa mdogo wake. Shangazi yake wa Kirando alipokuja kumwona mtoto, akasema nipeni huyu nikae naye ziwani, kule hakuna anayejua habari zake. Mume wangu akaniuliza. Nikasema sawa. Nilikubali upesi, kwa sababu akiwepo nyumbani alinikumbusha.

Akakulia Kirando, akianika dagaa. Akaolewa kule. Nilikuwa nakwenda mara chache, nabeba maharage na unga wa ulezi, napokewa kwa adabu. Shikamoo anatoa, kiti anatoa, chai anatoa. Lakini kuniita mama, hajaniita tena.

Safari moja nilimkuta ana mimba kubwa. Tulikuwa tumekaa nje, yeye anageuza dagaa, binti yake mdogo akaja akaniegemea magotini.

"Bibi, mtoto wa mama atatoka wapi?"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilitaka kujibu vizuri.

"Usimuulize huyo," Sabina akasema, bila kugeuka. "Njoo nikwambie mimi."

Akamwambia. Kwamba mtoto yuko tumboni, ndani ya mji wa mimba, kwamba akishakua anatoka chini kwa njia yake, na mama anaumia kisha anapona. Mkono wake haukuacha kugeuza dagaa. Mtoto akasema, "Aa," akakimbia kucheza. Yamekwisha. Maneno hayo ndiyo niliyoyaonea haya, nikaona heri binti yangu aitwe mchawi.

Sabina akaendelea na kazi yake. Nikamwita jina lake. Nikamwambia, "Siku ile ulisema kweli."

"Mimi najua," akasema. "Si mimi niliyetakiwa kuambiwa."

Mume wangu alikuwa amekwisha kufa, mama mkwe vilevile, na balozi. Nilibaki na ukweli ambao hauna wa kuambiwa, ndiyo maana nawaambia ninyi nisiowajua.

Ninyi mnaowaambia watoto wamenunuliwa hospitali, wameokotwa mtoni, mnacheka na majirani zenu, siwaonei huruma. Ninyi ni mimi, na mimi najijua. Mwambieni mtoto kweli, ni maneno machache na hayamuumizi. Na kama ulishamdanganya, siku akikutaja mbele za watu, itika.