Petali ya Tano

Nilimsikia binti yangu kabla sijamwona. Chaka, chaka, chaka. Mbegu kavu zinacheza ndani ya maganda ya mti wa mkrismasi, na mlio unakuja kwenye uchochoro wa kwetu Chuno. Nilikuwa nakuna nazi, mdogo wake mgongoni. Salma akatokea na maganda yamefungwa miguuni kwa kamba ya katani, marefu kama mapanga, vifundo vimechubuka. Watoto wa jirani wanamfuata wakipiga makofi. Viboko anavyopigwa shuleni nilishavumilia. Kumchotea mwalimu maji nyumbani kwake nilishavumilia. Lakini mlio ule naujua miguuni mwangu mwenyewe. Nazi niliiacha palepale.

Ngojeni niwaambie naujuaje.

Nilikuwa darasa la nne, shule hiyohiyo, mwalimu huyohuyo. Enzi hizo alikuwa kijana, shati jeupe limenyooka. Somo lilikuwa kutambua miti. Langoni palikuwa na mkrismasi, umetandaza matawi kama mwavuli, na mvua zikikaribia unawaka mwekundu mpaka macho yanauma. Ubaoni akaandika: majani kama unyoya, ganda refu na gumu, petali nne nyekundu. Tukanakili.

Sasa chini ya mti ule mimi nilikuwa nafagia kila asubuhi, na sisi wasichana petali zake ndizo zilikuwa kucha zetu. Unalowesha kwa mate, unabandika, unakuwa bibi harusi. Ua moja linatosha mkono mmoja. Vidole vinne vinapata nyekundu, gumba linapata ile nyeupe yenye madoadoa. Kila msichana darasani alilijua hilo. Mwenye kiherehere nilikuwa mimi.

"Mwalimu, ziko tano. Moja nyeupe."

Hakukasirika, na hapo ndipo ningepaswa kujua kuna jambo. Alitoka polepole, akasimama langoni ametupa kisogo, akachuma ua, akarudi kuniwekea usoni.

"Haya, mtaalamu. Hesabu."

Zilikuwa nne. Zote nyekundu.

"Tena. Wenzako hawajasikia."

Nne, nikasema, na darasa likacheka, hadi rafiki yangu niliyembandika kucha asubuhi ile. Akanifunga maganda miguuni, akatangaza kwamba mtaalamu atatuchezea sindimba. Wakapiga madawati. Nikakata kiuno huku nalia, kamasi mpaka kidevuni, na kila nikipunguza ananionyesha fimbo. Nikarudi nyumbani nalia chaka, chaka, njia nzima.

Mama alinifungua, akanipaka mafuta ya nazi kwenye michubuko, kisha akaniambia kesho nikaombe radhi. Mwalimu amesoma, alisema, wewe umecheza tu. Nikaomba. Tangu hapo mpaka namaliza kidato cha nne sikunyoosha mkono darasani, hata jibu likiwa mdomoni. Niliamini macho yangu yananidanganya. Sokoni Chikongola wapo wanaoniita Mtaalamu hadi leo, na wanacheka.

Basi nikamkalisha Salma kwenye mkeka, nikamwuliza ilikuwaje. Akasema alimwambia mwalimu ziko tano, mwalimu akaleta ua, zikawa nne.

"Alilichumaje?"

"Sijui, mama. Alitupa mgongo."

Ua lenyewe alikuwa nalo, limesagika mfukoni mwa sketi. Nikalifungua taratibu. Katikati ya petali mbili palikuwa na kidonda, kishina kidogo kibichi, bado kina unyevu.

Miaka yote nilidhani yule bwana hajui. Asiyejua hang'oi kitu, jamani. Ili ujue ipi ya kung'oa, lazima uwe umeshahesabu.

Nikaenda ofisi ya elimu ya kata, mtoto mgongoni, maganda mkononi yakilia mpaka mlangoni. Ofisa akanishauri kwa upole niandike tu adhabu isiyofaa, haya ya maua niyaache. Nikamwambia, "Ya maua ndiyo yenyewe." Nikaandika, na muhuri akagonga:

"Namlalamikia mwalimu wa sayansi. Aliposahihishwa na mtoto aling'oa petali ya tano kwa siri, akamlazimisha mtoto kuhesabu uongo mbele ya wenzake, akamfunga maganda na kumchezesha. Alinifanyia mimi, amemfanyia binti yangu. Naomba aitwe langoni mbele ya darasa zima, achume ua bila kugeuka, ahesabu kwa sauti. Binti yangu atakuwa amesimama karibu yake. Miguu yake haitakuwa na kitu."