Boti Isiyomwita Mtu

Mwenye boti hakunipenda tangu siku ya kwanza. Alipenda Kichina changu, basi, na hicho nacho alikicheka. Nilikuwa nimekiokota sokoni, kwenye maduka ya jumla ya nguo nilikokuwa nikifunga marobota ya wafanyabiashara wetu, kwa hiyo nilijua sana kusema "bei ghali mno" na "punguza, bosi", lakini maneno ya kumkaribisha mgeni kwa heshima sikuwa nayo. Yeye alikuwa mwanamke mfupi, mwenye saa kubwa ya kiume mkononi na sauti ya kupasua bati. Sote tulimwita laoban, kama anavyoitwa kila mwenye duka na kila mwenye kiwanda kule Guangzhou.

Lakini ukutani mwa ofisi yake kulikuwa na picha. Boti ya mbao ya ghorofa mbili, mto mpana wenye rangi ya chai ya maziwa, na juu ya kilima mahekalu yenye mapaa yaliyopinda ncha kama vidole vya mtu anayecheza ngoma. Hiyo ilikuwa Mekong. Laoban alikuwa na ubia katika ile boti. Wageni walipandia kaskazini mwa Laos wakashukia mji mkuu wake, hekalu kwa hekalu, kijiji kwa kijiji, na alikuwa anatafuta msichana wa kuwaongoza kwa Kiingereza na kuelewana na wapishi kwa Kichina. Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili, mimi mwenyewe nilipoishia, lakini mdomo nilikuwa nao. Niliitazama ile picha mpaka nikajiona ndani yake, shati jeupe, kipaza sauti mkononi, nawaonyesha watu watawa wenye mashuka ya rangi ya chungwa.

"Kwanza nipelekee Waafrika wako mtoni, siku moja tu," akaniambia. "Wasinifanyie vurugu. Ukiwaweza hao, Mekong unakwenda."

Nilitoka pale nikiimba.

Ilikuwa wiki ya sikukuu ya Oktoba. Viwanda vimefungwa, makontena yamelala bandarini Huangpu, na wafanyabiashara wetu wamejaa kwenye korido za jengo la Tianxiu wakigombana kwa kukosa la kufanya. Nikawapitia mmoja mmoja. Mto Lulu, nikawaambia, hekalu la kale, kijiji cha matunda ya malichi, na chakula cha mchana halali. Hilo la chakula nilimuuliza laoban mara mbili, na mara mbili alitikisa kichwa kukubali. Kilichowauma ni sharti lake la kulipa kabla. Mfanyabiashara wa kwetu halipii mzigo ambao hajaushika. Walilipa, lakini walipanda boti na nyuso za watu waliokwisha kuibiwa.

Na wao kwa wao hawakupendana. Kulikuwa na mama mmoja wa Mombasa, mnene, mtaratibu, muuza mapazia, ambaye miguu ilimvimba kila akisimama sana. Kulikuwa na jamaa wa Nairobi, kijana wa makamo mwenye miwani ya jua asiyoivua hata ndani ya lifti. Jamaa alikuwa ameona ua la pazia la yule mama kiwandani, akaagiza lilelile, na likafika Kenya kabla ya lake. Wale wengine, kama dazeni hivi, waligawanyika nyuma yao wawili.

"Sikai naye ubao mmoja," mama alisema tulipopanda. "Nikikaa naye atanakili na buibui langu."

"Mathe, biashara si harusi," jamaa akamjibu. "Hakuna kualikwa."

Wakakaa, wamepeana migongo.

Boti ikaondoka. Kushoto na kulia majengo yalikuwa yanapanda kama yanashindana, yamefungwa vyandarua vya kijani, kreni juu ya kila paa. Matishari ya mchanga yalitupita yamezama mpaka ukingoni. Mimi niliona raha ya kweli. Laoban alisimama mbele na kipaza sauti akasema maneno mengi, kisha akanigeukia.

"Waambie wasitupe maganda ya njugu mtoni. Waambie hapa si kwao kwenye vumbi."

Nikawageukia. "Laoban anasema karibuni sana, na pipa la maganda liko pale."

Siku nzima ndivyo nilivyofanya. Neno likitoka kwake limekunjamana kwa hasira, mimi nalipiga pasi kwanza ndipo nalivisha watu. Na la kwao vilevile. Mama aliposema "Mwambie huyo jini anatupigia kelele kama tumemlia kuku," nilimwambia laoban kwamba mgeni anaomba sauti ipunguzwe kidogo.

Jamaa wa Nairobi alishusha miwani yake hadi puani. "Dada, uso wa huyo mama na maneno yako si watu wa familia moja."

Hekaluni walitulia kidogo. Palikuwa na moshi wa udi na miti mikubwa, nami nikaeleza nilichofundishwa, kwamba mabaharia walikuja hapa kuombea bahari itulie. Lakini mlango wa kutokea ulipita dukani. Ndivyo zilivyo ziara kule: huwezi kutoka hekaluni bila kupita kwenye kaunta, na mwenye ziara ana fungu lake kwenye kila kinachonunuliwa. Bangili za kijani zilikuwa zimepangwa kwenye mahameli, na wageni wa Kichina kutoka boti nyingine walikuwa wamezizunguka.

Jamaa akachukua moja, akaigonga kwenye jino.

"Hiki ni kioo," akasema. "Kiwanda chake nakijua. Huniuzia kwa kilo!"

Na hapo ndipo mama wa Mombasa alipokubaliana naye kwa mara ya kwanza na ya mwisho. "Kweli kabisa. Mie hununua kwa gunia. Hizi wenzangu huwapa watoto wachezee."

Wangesema hivyo kwa Kiswahili ingekuwa heri. Jamaa aliwageukia wale wageni wa Kichina, akainua bangili juu, akapaza sauti kwa maneno ambayo kila mfanyabiashara wa kwetu anayajua hata akiwa usingizini: "Tai gui le!" Ghali mno! Kisha akawaonyesha kwa kidole gumba jinsi ilivyo takataka. Wageni wakaanza kurudisha bangili mezani moja baada ya nyingine. Muuzaji akapiga makelele. Mtu mmoja akamsukuma jamaa kifuani, jamaa akasukuma naye, na laoban akanishika mkono juu ya kiwiko, kucha zikaniingia.

"Hawa ndio watu wako?" akaniuliza. "Na Mekong je, nako utanifukuzia wateja hivi?"

Nikamwomba msamaha kwa niaba ya watu ambao hawakuwa na habari ya kuomba msamaha.

Tulifika kijijini jua limekaa utosini. Mabwawa ya bata, nyumba za matofali ya kijivu, malichi ambayo msimu wake ulishapita. Watoto walitufuata wakituiga tunavyotembea. Chakula kilikuwa tayari nyumbani kwa ndugu yake laoban, hatua chache kutoka gatini, na sahani ya kwanza iliyofunuliwa ilikuwa nguruwe. Ya pili nguruwe. Ya tatu mboga, zinang'aa kwa mafuta yake.

"Laoban," nikamwambia polepole, "tulikubaliana halali."

"Wale mboga."

"Zimepikwa kwa mafuta yaleyale."

"Basi wasile." Hakuninong'oneza. Alisema mbele yao wote, na safari hii hata pasi yangu isingefaa kitu, kwa sababu alichukua sahani ya mboga mbele ya mama akamsogezea ndugu yake.

Mama wa Mombasa alisimama taratibu, mikono mezani. "Mwanangu, mwambie hivi. Mimi hainiudhi njaa. Inaniudhi dharau."

"Hii haihitaji maneno," jamaa wa Nairobi akadakia. "Tutembee. Atatuita mwenyewe."

Wote wakaelewa, hata waliokuwa hawamtaki. Sokoni ndivyo tunavyofanya. Unataja bei yako, muuzaji anakataa, unageuka unaondoka. Hugeuzi shingo. Kadiri unavyokwenda ndivyo bei inavyoshuka mgongoni mwako, na sauti ikipanda ujue bei imelala chini. Hakuna muuzaji Guangzhou aliyewahi kumwacha mnunuzi afike kwenye ngazi. Walichokitaka ni radhi na safari ya kwenda kwa wapishi wa Kiislamu wa Huangpu, na hawakuwa na shaka watavipata. Wakapanga mstari kwenye njia ya katikati ya mabwawa, migongo imenyooka, mama mbele na jamaa nyuma yake kidogo, wakaenda.

Laoban aliwatazama akitafuna. Kisha akateremka gatini.

Mimi nilibaki katikati, na hapo ndipo nilipoliona kosa. Mtu hutembea kabla ya kulipa. Wale walikuwa wamekwisha kulipa tangu juzi. Laoban hakuwa na kitu cha kupoteza mgongoni mwao.

"Rudini!" nikapiga kelele. "Boti inaondoka!"

"Mnasikia?" jamaa akawaambia wenzake bila kugeuka. "Ameanza kumtumia huyo binti."

"Jamani, kweli inaondoka! Kamba inafunguliwa!"

"Anaongeza sauti! Kazeni, bado kidogo!"

Kadiri nilivyolia ndivyo walivyotembea kwa maringo. Nilikimbilia gatini. Injini imeshawaka. Laoban alikuwa amesimama kwenye ubao wa kupandia, na kwa mara ya kwanza aliniambia jambo bila kufoka.

"Ingia. Watu wazima hao. Kama unataka ile kazi, ingia sasa."

Niliingia. Mguu mmoja ulikuwa kabisa ndani ya boti, na kichwani mwangu kulikuwa na shati jeupe, na mto wa rangi ya chai, na yale mapaa. Nikageuka kuwatazama mara moja tu. Mama wa Mombasa alikuwa ameanza kuchechemea. Alikuwa anajikaza asionekane, maana anayechechemea ameshindwa bei, lakini bega lilikuwa linamwangukia upande. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kuuliza barabara iko wapi. Walijua kuuliza bei tu.

Nikatoa mguu. Laoban akavuta ubao wake.

Waligeuka waliposikia honi, na gati lilikuwa tupu, mawimbi madogo tu yanapiga nguzo. Kisha wakanigeukia mimi.

"Wewe ndiye mtu wake!" jamaa akafoka. "Mbona hukutuita?"

"Nimewaita mpaka koo limekauka."

"Umetuita kama muuzaji! Nani atageukia sauti ya muuzaji?"

Mwenye gari la magurudumu matatu alikataa kutubeba, akafunga geti lake. Tulitembea kwenda barabara kuu kutafuta basi, mbwa wanatubwekea, watoto wamechoka kutuiga wakaanza kuturushia madonge ya udongo. Watu wangu walinitukana njia nzima, wakipokezana. Mama wa Mombasa aliweka mkono begani mwangu, akaegemea na uzito wake wote.

"Usidhani nimekusamehe," akaniambia. "Miguu ndiyo inaniuma."

"Egemea tu, mama."

"Ninaegemea. Lakini nimekasirika."

Sikukuu ilipokwisha nilikwenda ofisini kwa laoban. Nilikuwa nimepiga pasi shati jeupe, la kweli safari hii, nikalivaa. Pengine hasira imeshuka, nilijiambia, mimi ni mtu wa kujiambia hivyo. Alikuwa anakula mbegu za alizeti, macho kwenye televisheni, na picha ya Mekong ilikuwa palepale juu ya kichwa chake.

"Nimekuja kuuliza ile kazi ya boti," nikasema.

"Mei you," akajibu. Hakuna. Hilo neno nililisikia sokoni kila siku, la kitambaa kilichokwisha, la saizi ambayo haijatengenezwa, na hujibiwa kwa namna moja tu.

Nikasema sawa. Nikageuka, nikaanza kutembea. Nilikwenda polepole, mgongo umenyooka, sikugeuza shingo, nikapita mlango, nikapita korido, nikafika kwenye ngazi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Niliinama pale muda mrefu, masikio yote nyuma. Televisheni ilikuwa inacheka. Mbegu zilikuwa zinapasuka kati ya meno.

Viatu vyangu havikuwa na kamba. Nikasimama, nikashuka.