Theluji Ielekezwe Chemba

Dukani kwa vipuri vya zana za kilimo, mama aliyekuwa mbele yangu alimwonyesha muuzaji video kwenye simu. Mwanawe anayeishi ughaibuni alikuwa juu ya trekta dogo, akisukuma theluji iliyoziba geti lake.

Mzee mmoja kutoka Chemba, kule kwenye ukame, aliyeshika ncha ya plau iliyolika, akasogea. Akanyoosha shingo.

"Mama, hapo analima nini?"

"Halimi, mzee. Anaondoa barafu, gari lipite."

"Barafu si maji hayo?"

"Jua likiwaka, ni maji."

"Sasa anayapeleka wapi?"

"Anayarundika tu pembeni."

Mzee akaomba airudie. Safari hii alikuwa anaangalia trekta, mdomo ameubana kama mtu aliyeonja shubiri. Akaitazama ncha yake ya plau, akasonya.

"Trekta analo, maji anayo, shamba hana! Mimi nina shamba, na maksai wangu mmoja mgonjwa."

Duka zima likacheka, mimi nikacheka kuliko wote. Wivu wa mwenzio huchekesha sana.

Mzee akaiviringisha ncha mpya aliyonunua kwenye gunia. Mlangoni akageuka, wala hakutabasamu:

"Mwambie basi arundike kuelekea Chemba."

Nilifika kwangu mjini, mtaa wa Area D, bado nacheka, nikafungua bomba ninawe mikono. Likakohoa, likatoa upepo. Nikajuta kutochukua namba ya yule mama. Ningemwambia kijana wake, akielekea Chemba, apitie kwangu kwanza.