Koa Mweupe wa Shemeji

Mume wa dada yangu mtaani huitwa Profesa, naye hajawahi kumsahihisha mtu. Ni mwalimu wa biolojia katika chuo cha mambo ya bahari, na mimi huosha vyombo vya maabara hiyohiyo. Sifa yake yote imesimama juu ya koa mmoja wa bahari, mdogo kama punje ya mchele, ambaye yeye ndiye aliyempa jina. Kitabuni aliandika kwamba koa huyo ni mweupe na hukaa mchangani.

Mweupe, eti. Koa yule ni kijani kibichi. Hukaa juu ya mwani kwenye vidimbwi vya nyuma ya chuo, pale maji yanapotulia. Huutoboa mwani akanyonya utomvu wake, na ile rangi ya kijani haimeng'enyi. Huiweka mwilini, akajitandaza kama jani kuota jua, na jua likamlisha siku ambazo mwani ni haba. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, na mayai huyabandika palepale kwenye mwani, utepe mwembamba uliojikunja. Hayo nimeyaona kwa kuinama. Shemeji hakanyagi maji. Huletewa koa ndani ya chupa za spiriti, na spiriti huwatoa rangi wote. Ule mchanga uliotuama chini ya chupa ndio aliougeuza makazi yao.

Nilimweleza mara mbili. Mara ya kwanza alicheka. Ya pili alimwagiza dada anikumbushe kazi niliyoajiriwa. Debe tupu haliachi kuvuma, na dada yangu maskini ndiye analala nalo.

Kisha chuo kikataka kuvijaza vidimbwi zege, pawe maegesho ya magari. Akaja mkaguzi wa mazingira: koa wa Profesa ni adimu na sheria inamlinda, hivyo akionekana pale, zege halimwagwi. Mama wa watu aliupekua mchanga asubuhi nzima akitafuta kitu cheupe. Nikachota mwani kwenye beseni, nikaliweka mbele yake, koa sita wakitambaa na vipembe vyao. Akamgeukia Profesa.

"Mwalimu, ndiye huyu?"

Alitakiwa kusema neno moja tu, kwamba alikosea. Aliinama, akavaa miwani, akaivua. 

"Huyu simjui," akasema kwa macho makavu. "Wangu ni mweupe."

Mkaguzi akafunga faili. Nilitamani kummwagia beseni lile kichwani, na sijui kilichonizuia.

Zege likapangiwa Jumatatu. Jumapili mchana nilikuwa jikoni kwa dada, shemeji akaingia na mfuko wa chupa tupu, akaurudishia mlango.

"Shemeji," akaninong'oneza, "kabla hawajamwaga, nikusanyie wale wa kijani. Wengi kadiri utakavyoweza. Hawatapatikana tena."