Thawabu za Mpira wa Tumboni

Katika mtaa mzima wa Iftin, mjini Garissa, kwa ulimi Siyad hana mpinzani. Ni fundi wa mikokoteni ya punda, na ukimkuta kazini atakwambia hakuna mkokoteni wake uliowahi kuvunjika. Ile miwili iliyolala ukutani, eti imekuja kumsalimia tu. Uani ana meza ya tenisi ya mezani aliyoiunda kwa mbao zilizobaki. Hapo ndipo alipomfundisha Hinda, binti wa dada yake, ambaye tangu utotoni anatembelea kiti cha magurudumu.

Kila aliyekuja kucheza na Hinda alipewa sharti. "Mpira uende tumboni mwake. Ukimtupia pembeni, au ukiudondosha karibu na wavu asikofika, usikanyage hapa tena. Kwani wewe hutaki thawabu?"

Basi wanaume wakachuma thawabu, na Hinda akawashinda wote, fundi mwenyewe akiwemo. Siyad akalitangazia soko zima la mifugo, mpaka ngamia wakasikia, kwamba dunia haijamwona mtu kama yule.

Dunia ikamwona Nairobi, kwenye mashindano ya kimataifa ya wachezaji wenye ulemavu. Mama mmoja wa Misri, naye kwenye kiti chake, aliudondosha mpira karibu na wavu, ukadunda mara mbili, ukalala. Kisha pembeni. Kisha karibu na wavu tena. Hinda alijinyoosha mpaka kifua kikalalia meza, asiupate, akashindwa. Kule alikokaa kati ya watazamaji, Siyad aliona yote. Kila alichofanya yule mama ndicho alichokuwa amekikataza yeye uani kwake.

Na Siyad aliporudi Iftin, dume zima likasema nini? "Refa katuibia!"

Watu wakamlaani refa. Barwaqo, mwenye duka la jirani, akaleta halwa ya kufuta machozi. Siyad akaonja kipande, akakirudisha kwenye sahani. Hinda hakula.

Ijumaa baada ya swala, ua ukiwa umejaa watu, Hinda akajisukuma hadi mezani.

"Abti," akasema, maana ndivyo mjomba aitwavyo kwao, "nichezee kama yule Mmisri."

"Aah, pumzika kwanza, safari ile..."

"Umeanza lini kunionea huruma?"

"Mimi? Wallahi mimi..."

"Nakuuliza mbele za watu. Ndani ungenidanganya."

Siyad akaudondosha mpira karibu na wavu. Hinda akajinyoosha, akaukosa.

"Siyad! Huna haya?" Barwaqo akamaka. "Mtoto wa dada yako!"

Fundi akaweka kibao chake cha kuchezea mezani. Alitaka kuleta mzaha wake, uso ukakataa.

"Barwaqo, refa hakuiba kitu. Mtoto huyu nilimwibia mimi. Nimemlisha uji miaka yote nikimwambia ni nyama, halafu nikampeleka kwa wanaokula nyama."

Siyad alitazama magurudumu ya kile kiti, si uso wa Hinda, akingoja kuambiwa asiiguse tena meza ile.

"Nina hasira na wewe, abti," Hinda akasema. "Nitakuwa nazo mpaka Idi, pengine na baada yake. Lakini mwakani yule mama atakuwepo. Okota mpira. Huo huo, tena."

Siyad akauokota. Akaupeleka kulekule karibu na wavu, asikofika Hinda.